Ubao wa Ghorofa ya Tatu

…na huu ukuta, jamani, huu ukuta ulio nyuma ya kichwa cha wakili, nani aliupiga lipu, maana umevimba katikati kama mama mwenye mimba ya miezi saba, na pale kwenye kona alama za mwiko zimeachwa wazi kabisa, kazi ya mtu aliyekuwa anawahi kwenda kula, na wakili wa watu anakaa chini yake kila siku na suti yake safi, hajui anaegemea aibu, ningekuwa na mguu wangu mzima ningemwambia niachie chumba hiki siku mbili tu, nikwangue, nipige upya, uone ukuta ulionyooka unafananaje… lakini sikuja hapa kukagua lipu, nimekuja kutia sahihi, kalamu ninayo mkononi, karatasi iko mezani, na wakili ananisomea maelezo yangu kwa mara ya mwisho, polepole, neno kwa neno, sikiliza baba kama yote ni kweli, kaniambia, halafu utie sahihi hapa chini, na tangu alitamke hilo neno kweli macho yangu yamekimbilia ukutani na hayataki kurudi. Mlalamikaji ni fundi mwashi mwenye uzoefu wa miaka ishirini na miwili, anasoma, na mlalamikaji ndiye mimi, mke wangu kanigusa na kiwiko alipolisikia hilo, maana nyumbani kazi ya kulalamika ni yake na naona hakupenda kuona nimepewa cheo chake kwa maandishi, mwenyewe kajifunga kitambaa kipya leo, kakaa wima kwenye kiti kama anapigwa picha, na mkoba wake kaukumbatia mapajani, humo mna vyeti vyote vya hospitali, picha za mfupa wangu, hata kile kipande cha plasta walichonikatia mguuni, nilimwambia kitupe, akasema huo ni ushahidi. Ana wazimu kidogo mke wangu, ndiyo maana tumedumu.

Wakili naye ni binti tu, umri wa mwanangu wa kwanza, lakini akisoma unajiona umeshashinda, sauti haitetemeki, na msaada wake ni wa bure kwa watu walioumia kazini, shida ni moja tu, ofisi ya waliovunjika miguu wameiweka ghorofa ya pili na lifti hakuna, ngazi thelathini na nne, nimezipanda kwa magongo huku mke wangu akinisukuma mgongoni kama anasukuma gari bovu, na pale kwenye benchi la nje tumekaa sisi wenyewe kwa wenyewe, huyu mkono umefungwa, yule shingo, yule jicho, ukitukusanya wote unapata mtu mmoja mzima na vipuri vinabaki, tulicheka mpaka karani akatoka kutuambia tupunguze sauti… Anaendelea kusoma, mlalamikaji kwa jina la kazini anajulikana kama Timazi, hilo nililisema mwenyewe, nilitaka liandikwe, maana nikisema timazi kila fundi anajua, ile kamba yenye kipande cha chuma tunayoining'iniza kuona kama ukuta umesimama wima, miaka ishirini na miwili ukuta wangu haujawahi kulala upande hata unene wa ukucha, na wenzangu walipokuja kunitazama wodini wakanikuta nimelazwa, mguu unaning'inia kwenye kamba, wakasema lo, leo timazi imegeuzwa, halafu mmoja akajidai mtu mzima akasema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, na wote wakaitikia ndiyo, ndiyo, na wote wakautazama mguu wangu kwa macho ya watu wasioamini walichokisema.

Mnamo saa nne na nusu asubuhi, anasoma, baada ya mapumziko ya chai, mlalamikaji alipanda jukwaani hadi usawa wa ghorofa ya tatu… sasa tunafika, tunafika hapo… akakanyaga ubao wa kusimamia, ubao huo ukavunjika, akaanguka. Hapo. Hapo ndipo panaponiwasha. Ubao haukuvunjika. Ni miezi minane sasa na watu wote wanajua ulivunjika, daktari anajua, mwenye nyumba wangu anajua, mke wangu ndiye bingwa wao, kawasimulia mtaa mzima, kwa msusi, kwenye foleni ya maji, mpaka mlio wa ubao anautoa, kwaa, anapiga na viganja, watu wanashika vifua vyao, na yeye siku hiyo alikuwa nyumbani anafua. Mtu pekee asiyelijua hilo kwaa ni mimi, maana sikusikia kitu, utasikiaje kitu ambacho hakipo… kule kazini kwetu mbao zilikuwa za kuhesabu, kila fundi ubao wake mmoja, basi, unausimamia, unajenga mpaka mkono unapoishia, halafu unapanda kwenye mabomba ya jukwaa, unashikilia kwa mkono mmoja kama nyani, kwa mwingine unauvuta ubao wako kutoka chini, unauweka juu, unaendelea, na nyuma yako unaacha mabomba matupu na hewa, tuliita kuhama na kitanda, umehama fundi, bado, nasubiri kitanda, na tunacheka, na nyapara wetu alilipenda sana neno hilo, akawa anawaambia wageni fundi wa kweli anahama na kitanda chake, na sisi tukivimba vichwa kwa sifa, hakuna hata mmoja aliyewahi kuuliza mbona nyumba nzima ya ghorofa haina kitanda cha pili. Sasa siku hiyo nikajitia ujanja, kabla ya chai nikaona nihame mapema, nikaupandisha ubao wangu usawa wa juu ili nikirudi niwe mbele ya wenzangu, nikashuka, nikanywa chai, na kwenye chai nikaanza kisa cha fundi aliyejenga chumba kizuri mno akasahau kuacha mlango, akabaki ndani anasifia kazi yake, kipenga cha kurudi kazini kikalia kisa kikiwa nusu, nikaondoka nacho, napanda huku nawasimulia waliokuwa chini, shingo nimeigeuza, yule mama anayebeba makarai ya zege anacheka mpaka kaliweka karai chini, na miguu yangu, ambayo haikuwa na habari ya ujanja wangu, ikaenda palepale ilipokuwa imesimama asubuhi, nikakanyaga hewa. Na mtu akikwambia ukianguka unayaona maisha yako yote, mwongo, mimi niliwaza neno moja tu, kumbe nilishahama. Halafu nusu yangu ikaangukia mchanga na mguu ukaangukia rundo la matofali, na matofali yalikuwa mapya.

Anasoma majeraha sasa, kwa Kiswahili cha hospitali, mfupa wa paja, goti, mke wangu anatikisa kichwa kwa kila mfupa kama anahakiki mizigo, na ni kweli yote hayo, hapo sina neno, daktari amesema wazi kwamba goti lazima lifunguliwe tena na chuma kiwekwe, likifunguliwa nitapanda tena, lisipofunguliwa basi mimi ni fundi wa kukaa kwenye kiti na kuwaambia wengine ukuta umelala, na kufunguliwa kwake ndiko kunakoingoja fidia, na fidia ndiyo inayoingoja hii kalamu. Kwa hiyo nyamaza Timazi, sikiliza, tia sahihi, nenda nyumbani… lakini yule seremala. Yule seremala wa watu. Tumemwita Penseli tangu zamani kwa sababu penseli yake haishuki sikioni, nadhani hata analala nayo, ndiye aliyekuwa anachagua mbao za jukwaa, anazigonga moja moja kwa nyundo na kuzisikiliza kama daktari, huu mzima, huu mgonjwa, huu peleka jikoni, na nilipolazwa alikuja wa kwanza kati ya mafundi, siku ya tatu, na machungwa kwenye mfuko, akakaa pembeni ya kitanda, mtu mwenye mikono kama chepe, akalia, akasema nisamehe ndugu yangu, ule ubao niliugonga mwenyewe na ukaniitikia vizuri, sijui ulinidanganyaje, nisamehe, na mimi, mimi mwenye midomo yangu hii, nikamwambia nimekusamehe. Nimekusamehe! Nikavuta pumzi kama mtu mkubwa, nikampigapiga mkono, na machungwa yake nikayala, matamu, matatu papo hapo. Hakuna mtu aliyewahi kuwa mkarimu hivyo kwa kosa lake mwenyewe.

Na leo, kabla ya kuanza kusoma, wakili katuonyesha barua ya kampuni, wamejibu, wanasema ni kweli ubao ulivunjika, kwa sababu seremala alichagua ubao mbovu kwa uzembe wake, na seremala huyo wamekwisha kumfukuza, na tena hakuwa mtu wao bali mtu wa mkataba, basi mgonjwa akamdai yeye, na wakili kasema usijali baba, hatutawaachia wapenye hapo, tutawashtaki wote wawili, kampuni na seremala, mahakama ndiyo itachambua, na kaliandika jina lake hapo juu, naliona kutoka hapa, lake kamili, lile la kwenye kitambulisho, mpaka nilishtuka, sikujua Penseli ana jina refu hivyo… kafukuzwa, na mimi nilimpigia simu juzijuzi, vipi kazi, akasema aa, nimepumzika kidogo, mgongo, wewe mguu unaendeleaje, akanificha ili nisije nikasikitika, yeye aliyefukuzwa ananibembeleza mimi niliyemfukuzisha. Wazee wamesema mchuma janga hula na wa kwao, mimi langu nimelichuma halafu nikampa jirani ale peke yake, na sasa nitie sahihi nimpelekee na mahakama.

Lakini nikisema, je… nikisema ubao ulikuwepo, mzima, uko juu palepale nilipouweka kwa mkono wangu, si watasema basi, faili lifungwe, kosa lako, nenda na goti lako… na huyu mwanamke hapa na mkoba wake wa ushahidi, miezi minane ya kwaa, kwaa, atawatazamaje watu kwenye foleni ya maji… ndiyo maana nilisema vile tangu mwanzo, si kwa ubaya, kwa haya, haya tupu, fundi wa miaka ishirini na miwili kusahau ubao wake mwenyewe, wangenipa jina jipya la kwenda nalo kaburini, na nyapara alipokuja wodini siku ya pili, yeye ambaye hata msiba wa mama yangu hakufika, akaketi kitandani kwangu, sauti laini kama anabembeleza mtoto, karatasi gotini, akaniuliza "Pole Timazi, ubao ulivunjika, siyo?", nikaona kanitupia kamba, nikaidaka, ndiyo, ulivunjika, haraka hivyo, akaandika, akanivutia na blanketi mpaka kifuani, nikasema moyoni kumbe ana utu… hebu subiri. Hebu subiri kwanza. Kwa nini aliniuliza vile? Mtu anayetaka kujua anauliza ilikuwaje, hamtafunii mgonjwa jibu akalimeza… na yeye alikuwa chini pale pale, alinizoa mchangani na wenzake, akiinua kichwa tu anauona ubao wangu juu, mzima, umelala kwenye mabomba, haujapata hata mkwaruzo, hakuna kipande hata kimoja kilichoanguka pamoja nami. Aliujua ukweli kabla sijaamka! Yule hakunifunika mimi blanketi, alijifunika yeye, maana ubao ukivunjika watu wanauliza nani aliuchagua, na hapo kuna Penseli, mkubwa, mpole, rahisi kumnyooshea kidole, lakini ubao usipokuwepo watu watauliza la pili, na ubao wa pili uko wapi, mbona fundi anahama na kitanda, na hilo Penseli hawezi kulijibu, Penseli anagonga mbao zilizoletwa, hanunui zisizoletwa… ee, wamenikaanga kwa mafuta yangu mwenyewe, wamechukua haya yangu wakaipiga lipu juu ya shimo lao, na mimi fundi wa lipu nimekaa miezi minane naisifia.

Nacheka peke yangu, mke wangu kanitazama, najifanya nakohoa. Kusahau ni kosa, sikatai, lakini kila mtu anasahau, huyu hapa aliwahi kuiacha sufuria motoni akaenda kuangalia harusi ya watu asiowajua, tukala mkaa siku mbili, na mimi nimesahau mara ngapi kofia, mwiko, siku ya kuzaliwa kwake, na sikuwahi kuvunjika mfupa, ila siku ya kuzaliwa ilikaribia… jukwaa lenye mbao zake kamili lingenisamehe, lingesema pita Timazi, endelea na kisa chako, mimi nipo. Walitaka tukumbuke kila hatua kwa sababu hawakutaka kununua mbao, ndivyo ilivyo, na sisi tukaligeuza kuwa sifa. Sijui sheria inalionaje, mimi si wakili, inawezekana kabisa nikasema na nikatoka hapa na magongo yangu tu, goti lisifunguliwe, nikawa mzee wa kwenye kiti, hilo naliogopa, siwezi kujidanganya… lakini siku ile ya kwanza huyu binti aliniambia mficha uchi hazai, nikamjibu mimi watoto ninao watano, wananitosha, akacheka, na mimi nikaupita mlango huo nikijiona mjanja. Sasa Penseli akiitwa mahakamani atasimama na penseli yake sikioni, ataulizwa, je, uliuchagua huu ubao, na namjua, atasema ndiyo, mimi niliuchagua, maana anaamini, mimi ndiye niliyemwaminisha, atajifunga mwenyewe kwa unyofu wake, na mimi nitakuwa nimekaa mbele nimenyoosha mguu. Hapana. Goti likatae kukunja, hilo nitalizoea, lakini kumtazama yule mtu usoni siku hiyo sitaweza.

Wakili amemaliza. Kaligeuza karatasi upande wangu, kaweka kidole chini kabisa kwenye mstari, na kalamu yangu bado iko pale pale ilipokuwa tangu aanze, juu ya karatasi, haijagusa. Baba, ananiuliza, kuna cha kurekebisha, na nadhani huwauliza wote hivyo, na wote husema hakuna, maana tayari ameanza kutafuta muhuri… "Ule ubao haukuvunjika," nasikia mtu anasema, na ni mimi, "niliuhamisha mwenyewe kabla ya chai, nikasahau." Mkono wa wakili umesimama kwenye droo. Sithubutu kugeuka kushoto, lakini nageuka, na mke wangu ananikodolea macho, naiona miezi minane inampita usoni mmoja mmoja, kwa msusi, kwenye foleni, viganja vile, mabega yanaanza kutetemeka na sijui nijiandae kwa lipi, halafu linamtoka, kicheko, kile chake cha kuinamia mkoba, ananichapa begani kofi la nguvu, "Na mimi nimewaambia watu mpaka mlio wake," anasema, anajifuta machozi kwa ncha ya kitambaa kipya, na mkono ule ule ulionichapa hauondoki begani, umebaki hapo, unanishika. Wakili hacheki wala hakasiriki, kasukuma yale maelezo pembeni, kavuta karatasi nyeupe, kaandika tarehe, halafu kaniuliza swali ambalo katika miezi hii minane, hospitali, nyumbani, kwa nyapara, kwenye barua yao ndefu, hakuna mtu aliyewahi kuniuliza, nalo ni fupi tu: "Kwa nini uliuhamisha?" Na jibu ninalo, jamani, ninalo lote, limejaa kifuani linataka kutoka kwa mkupuo, vitanda, mabomba, sifa zetu za kijinga, lakini namwinulia kiganja, nakohoa, safari hii kikohozi cha kweli. "Nitakwambia, wakili," nasema, "ila kwanza andika kwamba seremala hana kosa. Hilo liwe mstari wa kwanza. Mguu wangu utafuata."